Stesheni Isiyo na Treni: Kongwa na Uchaguzi wa Maneno

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua watafsiri wa nyaraka za historia, za ardhi na za mipango ya miji, limo moja ambalo kwa nje laonekana jepesi mno: namna ya kuitaja stesheni ambayo treni haziendi tena. Mmoja ataandika stesheni ya zamani, mwingine stesheni iliyofungwa, wa tatu stesheni iliyotelekezwa, na wa nne, ambaye pengine ana haraka, stesheni isiyotumika. Na kila mmoja huona amekwisha kazi yake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha ya kuwa maneno hayo manne hayasemi jambo moja, na kwamba kuyachanganya si kosa la karatasi tu, bali humfikia mtu katika kiwanja chake na katika historia ya nchi yake. Mfano tuliouchagua ni Kongwa.

Tumeichagua Kongwa kwa kuwa stesheni yake ilijengwa, ikaachwa, kisha ikageuka kuwa mahali pa namna nyingine kabisa, na yote hayo yalitokea katika muda usiofika miaka 20. Tena haiko mbali. Mtu atokaye Berega, katika Wilaya ya Kilosa, akishika barabara kuu iendayo Dodoma na kuipita Gairo, atafika Mbande, na hapo atachepuka kushoto kwenda Kongwa. Njia yote hiyo hataona reli. Hilo lenyewe lina sababu yake, nayo ni vema tuieleze kwanza, maana maneno tunayoyatafuta yameanzia huko.

Kabla ya reli, nchi ya Ukaguru na Ugogo ilikuwa nchi ya misafara. Njia mojawapo kubwa kutoka Bagamoyo ilipita Mamboya, jirani na Berega, ikaenda Mpwapwa, ikaingia Ugogo, kisha ikaelekea Tabora na Ujiji. Mpagazi alichukua mzigo upatao frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na kazi yake kubwa baada ya kwenda ilikuwa kuutua. Neno kituo latokana na kitenzi hicho cha kutua, kama kivuko kilivyotokana na kuvuka. Kituo basi ni mahali pa kushushia mzigo, nacho hakikuwekwa na mhandisi bali na maji, chakula na uchovu wa watu. Katika Ugogo kiliwekwa pia na hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ni ushuru uliotozwa na watawala wa huko kwa msafara upitao, wala haikuwa na aibu iliyo nayo leo. Tunalitaja jambo hili kwa kupita tu, ili mwalimu apate mfano wa neno lililobaki umbo lake na kupotewa na heshima yake.

Jambo la kuangaliwa ni hili: kituo cha msafara kilipoachwa, lugha haikuhitaji neno la kifo chake. Hapakuwa na jengo, wala mpaka uliopimwa, wala daftari la mali. Msafara ukihamia njia nyingine, majivu ya mafiga yalipeperushwa na upepo na nyasi zikaota. Kwa hiyo kituo kiliweza kupanua maana yake bila kizuizi. Leo tuna kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha mafuta na kituo cha kupigia kura. Katika sarufi kituo ni mahali msomaji apumzikapo, na katika ushairi ni mshororo wa mwisho wa ubeti. Katika hayo yote maana ya kutua ingalimo.

Stesheni ni kitu kingine. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Kilosa 1909, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kilosa wahandisi walilifuata bonde la Mto Mkondoa ili wapate kuipenya milima, wakaiacha njia ya Mamboya upande wa kaskazini. Ndiyo sababu Berega na Mamboya, zilizokuwa karibu na njia kuu ya wapagazi, zilibaki kando ya njia kuu ya treni. Ajabu ya msamiati wa reli hiyo ni kwamba ijapokuwa Wajerumani ndio walioijenga, maneno yake makuu, yaani reli, stesheni, injini na tikiti, yana sura ya Kiingereza. Wajerumani walituachia shule na hela. Sisi tunadhani kuwa maneno ya treni yalipata nguvu kutoka Mombasa, ambako ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ulianza mwaka 1896, na kisha yakathibitishwa na utawala wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Gari la moshi, ambalo ni tungo letu wenyewe, limeishi hata baada ya moshi kwisha; na sasa kwa kuwa treni mpya za Dar es Salaam na Dodoma zinakwenda kwa umeme, jina hilo limekuwa kama jina la babu apewalo mjukuu asiyefanana naye.

Pamoja na stesheni yalikuja mambo ambayo kituo cha msafara hakikuwa nayo: jengo, jukwaa la kupandia, nyumba za wafanyakazi, tuta, mataruma, na juu ya yote eneo la ardhi lenye mipaka. Mkuu wa stesheni akiondoka, vyote hivyo havimfuati. Hapo ndipo tatizo letu linapoanza.

Sasa tuingie Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa shauri kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, nalo shauri likakubaliwa na serikali ya huko. Eneo lililokusudiwa lilizidi ekari milioni 3, sehemu iliyo kubwa ikiwa Tanganyika. Kazi ilianzishwa Kongwa mwaka 1947. Baadaye zikaongezwa Urambo, upande wa Tabora, na Nachingwea, kusini. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita, na baadhi ya matrekta yalitengenezwa kwa kugeuza vifaru. Visiki na mizizi vilivunja majembe. Mibuyu ilikuwa na mizinga ya nyuki wakali. Mvua zilikuwa haba, na udongo wa Kongwa, ukikauka, uligeuka mgumu kama tofali, hata karanga zikawa hazing'oleki. Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, na walikuwa na sababu zao.

Mashine na vifaa hivyo vilihitaji kushushwa mahali. Reli ya Kati ilikuwa inapita kusini ya Kongwa, kwa hiyo likajengwa tawi fupi kutoka reli hiyo hadi Kongwa, na Kongwa ikapata stesheni. Tunaomba msomaji aizingatie hali ya stesheni hii. Stesheni nyingi za Reli ya Kati, mathalani Kimamba na Kilosa penye mashamba ya mkonge, zilikuwa na mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi. Ile ya Kongwa ilipokea matrekta, mapipa ya mafuta, mabati, mbegu na watu, ikingoja siku ya kusafirisha karanga. Siku hiyo haikuja kwa kiasi kilichotazamiwa. Karanga zilizonunuliwa ziwe mbegu zilikuwa nyingi kuliko zile zilizovunwa. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango ule mkubwa, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Ardhi ya Kongwa ikarudia mifugo, safari hii kwa jina la ranchi, na reli ya tawi lile ikang'olewa. Ni kitenzi kile kile kilichotumika kwa visiki.

Nachingwea mambo yalikuwa karibu sawa, ila yalichukua muda zaidi. Reli ya huko ilijengwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1940, ikafikishwa bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954, kisha ikafungwa mwaka 1962, na baada ya hapo ikang'olewa. Hivyo nchi yetu ilianza Uhuru ikiwa na stesheni kadhaa zisizo na reli, jambo ambalo lugha haikuwa imelitazamia.

Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda Kamati ya Ukombozi, ambayo makao yake yaliwekwa Dar es Salaam. Vyama vya ukombozi vilikuwa na vijana waliorudi kutoka mafunzoni nchi za nje, nao walihitaji mahali pa kukaa mbali na macho ya watu wa pwani na wapelelezi. Mwaka 1964 Serikali iliwapa Kongwa. Mahali hapo palikuwa ni pale pale penye stesheni iliyoachwa, pamoja na majengo machache yaliyosalia kutoka katika mpango wa karanga. Wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, wa ANC wa Afrika Kusini na wa SWAPO wa Namibia walifanya makao hapo, na wengine wakawafuata. Chris Hani alikuwa mmoja wa waliokaa Kongwa. Kutoka hapo ndipo walipoondoka wapiganaji wa kwanza wa SWAPO waliorudi kwao kwa siri, na tarehe 26 Agosti 1966, huko Omugulugwombashe, kaskazini ya Namibia, wakapambana na majeshi ya makaburu. Nachingwea nayo ilikuja kuwa na kambi mashuhuri ya FRELIMO. Mahali pawili palipotayarishwa kwa ajili ya karanga za Uingereza palipata kazi ambayo watayarishaji hawakuiota.

Sasa mtafsiri anayeandika habari za urithi wa ukombozi anakutana na maelezo kwamba wapigania uhuru walipewa stesheni isiyotumika. Aandike nini?

Akiandika stesheni iliyotelekezwa, ameingiza hukumu. Katika Kiswahili kutelekeza ni kuacha kitu au mtu ambaye ulikuwa na wajibu wa kumtunza. Mzazi hutelekeza watoto, mkandarasi hutelekeza kazi kabla ya kuimaliza. Neno hilo lina mlalamikaji na mlalamikiwa. Mtu anaweza kusema kuwa ule mpango wa karanga ulitelekezwa, na pengine akawa na hoja; lakini stesheni iliyoondolewa reli kwa amri, mataruma yakahesabiwa na kuchukuliwa, haikutelekezwa. Iliondolewa kazini.

Akiandika stesheni ya zamani, amekosea kwa upande mwingine. Zamani husema umri wa kitu au kutangulia kwake, halisemi kama kinafanya kazi au hakifanyi. Tatizo hili limekuwa kubwa zaidi tangu mwaka 2024, treni za reli mpya zilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Morogoro, Kilosa na Dodoma sasa zina stesheni za reli ya milimita 1,435, mbali na zile za reli ya milimita 1,000, na watu huziita hizi za pili stesheni za zamani. Lakini kujengwa kwa reli mpya hakukuing'oa ile ya kwanza. Mtu akisoma stesheni ya zamani ya Kilosa akadhani ni gofu, amedanganywa na kivumishi. (Na wanaoiita reli mpya reli ya kisasa wajiandae pia, kwa maana kila kisasa hupitwa na siku zake, upana wa reli haupitwi.)

Neno gumu kuliko yote ni kufungwa. Duka hufungwa saa 12 jioni na kufunguliwa asubuhi. Kiwanda hufungwa na wafanyakazi wakalipwa mafao yao. Kitenzi ni kimoja, nacho chabeba usiku mmoja na chabeba milele. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Mto Mkondoa yaliuharibu mji wa Kilosa, yakawaacha watu wengi bila makazi, na yakaikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Ilisemwa kwamba njia imefungwa. Kwa kweli huduma zilikuwa zimesimamishwa, tuta likajengwa upya na treni zikarudi. Nachingwea nayo tunasema reli ilifungwa mwaka 1962, na haikurudi. Mwanafunzi asomaye sentensi hizi mbili katika kitabu kimoja hana njia ya kujua tofauti isipokuwa mwalimu amweleze.

Wala si wanafunzi peke yao. Tuseme karani wa kata iliyo kandokando ya tawi la Kilosa, Mikumi na Kidatu anaandika barua kwa wananchi kwamba stesheni ndogo ya mahali pale imefungwa. Mkulima aisomaye huona nyasi zimeota kati ya reli, haoni mlinzi, naye ana barua ya Serikali inayosema pamefungwa. Anapanda mahindi, mwaka wa pili anajenga kibanda, mwaka wa tano nyumba ya tofali. Kisha anakuja mpimaji na rangi nyekundu, na ukutani inachorwa alama. Kwa maana ardhi ile ni hifadhi ya reli, na hifadhi ya reli haiondoki pamoja na treni ya mwisho. Huondoka pale tu mamlaka husika inapoiondoa kwa utaratibu wa sheria. Mkulima hakuvunja sheria kwa ujeuri. Alisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa.

Kwa sababu hizo tunapendekeza kwamba kusimamishwa kitumike pale ambapo huduma imekoma lakini njia na haki zake zipo, na muda utajwe iwapo wajulikana. Kufungwa kusitumike peke yake katika hati za ardhi. Aandikaye aongeze kilichofungwa ni nini: ni huduma ya abiria, ya mizigo, au ni stesheni yote. Kung'olewa kubaki kwa reli yenyewe, yaani vyuma na mataruma, kwa kuwa ndiko wananchi wanavyosema, tena halina utata. Na hifadhi itajwe kwa jina lake kila mara, hata kama ni kwa kurudia, maana katika hati urudiaji ni aibu ndogo kuliko utata.

Lakini hatujapata bado jina la mahali penyewe baada ya reli kung'olewa. Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Kiswahili kina hame, wingi wake mahame, yaani mahali palipokaliwa na watu wakahama. Kina gofu, ambalo ni jengo lililobaki kuta, na kina ganjo, ambalo baadhi ya wazee wa pwani hulitumia kwa kiwanja cha mji au nyumba iliyokufa. Maneno haya wanayajua wavuvi na wachunga mbuzi, ila kwa muda mrefu yameachiwa washairi na wachimbuzi wa mambo ya kale, kana kwamba mahame ni ya Kilwa na Gedi tu. Kitu kinachoitwa hame si lazima kiwe na umri wa miaka 600. Stesheni ambayo wafanyakazi wake wamehamishwa na reli yake kung'olewa ni hame, na jengo lake lililoezuliwa ni gofu. Tofauti hii ina faida kwa mtumishi wa Serikali: gofu laweza kutengenezwa likatumika tena, ilhali hame ni hali ya mahali pazima.

Tumesikia hoja kwamba hame lina huzuni ndani yake na halifai katika hati. Hoja hiyo hatuioni kuwa na uzito. Kuhama si msiba. Wafugaji wa Ugogo huhama kufuata malisho, na maboma wanayoyaacha hayamlizi mtu. Kinyume chake, isiyotumika ndiyo inayotutia shaka, kwa kuwa hata kalamu iliyo mfukoni haitumiki kwa sasa.

Kwa hiyo sentensi ya Kongwa tungeiandika hivi: Mwaka 1964 wapigania uhuru walipewa hame la stesheni ya Kongwa, ambayo reli yake ilikuwa imekwisha kung'olewa. Ndani ya sentensi hiyo hapana lawama isiyothibitishwa, wala msomaji hawezi kudhani kuwa treni ilikuwa ikipiga honi wakati wapiganaji wanafanya mazoezi.

Limebaki swali la kambi. Wapiganaji walihama nao, nchi zao zikapata uhuru, na mtu mwepesi wa kutumia kanuni angeweza kusema kuwa basi na kambi ya Kongwa sasa ni hame. Sisi hatungesema hivyo. Kongwa yamebaki makaburi ya baadhi ya wapiganaji, na watu hutoka mbali kuja kuyazuru. Mahali panapozuriwa hapajahamwa. Katika hati za urithi tunashauri iandikwe iliyokuwa kambi ya Kongwa, na neno hame libaki kwa ile stesheni iliyo mahali pale pale.